Kibali cha Kupenda Hadithi

"Mama, hiyo ni kasumba ya kikoloni." Maneno hayo yalitamkwa Jumamosi moja alasiri hapa Uthiru, katika chumba tunamokutana kuzungumzia vitabu, na aliyeambiwa ni mwanamke anayeuza mboga kando ya Naivasha Road. Alikuwa ameulizwa ni kitabu gani kimemfurahisha siku hizi. Akataja riwaya ya Louis L'Amour kuhusu wachunga ng'ombe wa Marekani, kisha akaongeza kwamba bado anampenda Agatha Christie. Kijana aliyemjibu ana shahada na ana ulimi. Alieleza kwa kirefu jinsi mkoloni alivyofunga virago na kuacha minyororo vichwani mwetu, na kwamba riwaya za aina hiyo ndizo minyororo yenyewe. Mama alisema tu, "Mwanangu, mimi nasoma," akachukua mkoba wake akatoka. Hajarudi tena. Hasira niliyobaki nayo ndiyo inayoandika insha hii.

Swali lililo chini ya ugomvi huo ni la zamani: je, mtu anaweza kupenda kwa hiari yake kitu kilichotoka kwa waliomtawala? Sitakawia kueleza ladha ni nini, wala hiari ni nini. Kamusi zipo, na sisi sote tulikuwa tunaelewana chumbani mle. Ninachotaka kujua ni nani aliyepewa mamlaka ya kukagua raha ya mwenzake, na kwa kipimo gani.

Mama huyo namfahamu vizuri. Kati ya saa nane na saa kumi za mchana, kabla watu hawajaanza kushuka kwenye matatu, wateja huwa wachache. Sukuma wiki imeshakatwa na kutiwa kwenye mifuko, nyanya zimepangwa kwa mafungu. Hapo huvuta kitabu kutoka chini ya meza. Kila kitabu chake amekivalisha jalada la gazeti kuukuu. Alama ya ukurasa ni kadi ya simu ya kukwangua, kwa sababu kukunja pembe ya karatasi anaona ni kukosa adabu. Akimaliza, huandika kwa biki ndani ya jalada la nyuma mwezi aliomalizia na hukumu yake fupi: "Kizuri." "Kirefu bure." "Muuaji nilimjua mapema." Vitabu huvipata mjini, kwa wauzaji wa mitumba wa upande wa Tom Mboya Street: unarudisha kimoja, unaongeza pesa kidogo, unapewa kingine. Ugonjwa huo, kama ni ugonjwa, ulimwanzia shule ya bweni, wakati riwaya za James Hadley Chase zilipokuwa zikisomwa wakati wa prepu zikiwa zimefichwa ndani ya kitabu cha jiografia, na mwalimu wa zamu akizipata anazitaifisha.

Nianze na historia, kwa kuwa kijana alianza nayo. Maktaba ya McMillan, ile ya mjini yenye simba wa mawe mlangoni, ilifunguliwa mwaka 1931, na hadi 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Kwa miaka 27, Mwafrika wa Nairobi aliyetaka riwaya ya Kiingereza alikatazwa kupita kati ya simba wale. Huo si mwenendo wa mtu anayesambaza minyororo. Ni mwenendo wa mtu anayeficha mali. Najua upande wa pili: shule ziliwalisha wanafunzi wao Shakespeare, na pale Alliance, Kikuyu, kilomita chache kutoka hapa, tamthilia zake zilichezwa mwaka baada ya mwaka. Lakini tutenganishe mambo. Kuna kitabu ulichopewa ili utahiniwe, na kuna kitabu ulichokitafuta mwenyewe ukijua kwamba hakuna atakayekupa alama, na pengine utachapwa. Hakuna mtawala aliyewahi kumtahini mtoto wa Kenya kuhusu Chase. Ikiwa tunatafuta mahali ambapo hiari ya msomaji ilianza kuota, kwa nini tusitafute chini ya dawati, mahali ambapo mwalimu hakutaka iote?

Kijana alimtaja Ngũgĩ wa Thiong'o mara nyingi, kama mtu anayeonyesha hati ya polisi. Tangu Ngũgĩ afariki Mei 2025, jina lake linatumika hivyo kila mahali, na wengi wanaolitumia hawajamsoma. Waraka wa mwaka 1968 ambao yeye, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliuandika katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi ulidai Idara ya Kiingereza ivunjwe na Afrika iwekwe katikati ya masomo. Haukudai vitabu vya Ulaya vichomwe, wala msomaji afukuzwe navyo chumbani. Ulisema tusimame hapa, halafu tutazame huko kutoka hapa. Na Ngũgĩ mwenyewe, katika kumbukumbu zake za utotoni, anaeleza jinsi Treasure Island ya Robert Louis Stevenson ilivyomnasa, na jinsi alivyobishana na rafiki yake kama mtu anaweza kuandika kitabu bila kupewa kibali na serikali. Hebu fikiria. Mtoto wa Limuru, nchi ikiwa chini ya hali ya hatari, anasoma hadithi ya maharamia iliyoandikwa na Mskoti, na kutoka humo anazuka na swali kama mtu anahitaji ruhusa kuandika. Leo tunamtumia mtoto huyo kumwambia mama mboga kwamba anahitaji ruhusa kusoma.

Kinachonikera zaidi katika hoja ya kasumba si historia yake mbovu. Ni picha yake ya msomaji. Inamchukulia kuwa chombo kitupu: kinachomiminwa ndicho kinachobaki, bila kugeuzwa, bila kuulizwa. Na angalia ni nani anayechukuliwa hivyo. Profesa akimsoma Dickens, anaambiwa ni mtafiti. Kijana mwenyewe amesoma Marx na Foucault, na hakuna aliyemwambia kwamba Wajerumani na Wafaransa wamemwingia kichwani, kwa kuwa yeye, tunaambiwa, anasoma kwa jicho la uhakiki. Uhakiki basi ni mali ya wenye shahada, na wengine wote humeza tu. Hoja inayojiita ya ukombozi imerudi kuwagawa watu katika makundi mawili: wanaoweza kuaminiwa na kitabu, na wasioweza. Mgawanyo huo ndio uliokuwa umesimamishwa kwenye mlango wa McMillan.

Nami nimeona jinsi mama huyo anavyosoma. Nyuma ya riwaya moja ya wachunga ng'ombe, chini ya jina la mwezi, hakuandika "Kizuri" wala "Kirefu bure". Aliandika: "Wenye nchi walienda wapi?" Kitabu kizima kilikuwa kimezungumzia walowezi wakigombania malisho na mto, na wenyeji wa asili walipita kwa mbali kama vumbi. Yeye aliwaona walipokosekana. Hakufundishwa hivyo na semina. Kibanda chake hakiko mbali na Waiyaki Way, barabara iliyopewa jina la Waiyaki wa Hinga. Waiyaki alikula kiapo cha amani na Lugard, mtu wa kampuni ya Waingereza, huko Dagoretti mwaka 1890. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ikajenga ngome yake, Fort Smith, hapa Kabete, na mwaka 1892 alikamatwa, akapelekwa kuelekea pwani, akafia Kibwezi. Ngome, kiapo kilichovunjwa, ng'ombe, mipaka iliyohamishwa usiku: mtu wa Kabete akisoma hadithi ya magharibi ya Marekani yuko kwenye mambo anayoyajua. Aliwahi kuniambia kwamba tajiri anayezungushia mto seng'enge ni yuleyule wa kesi za ploti, ila yeye ana farasi.

Lakini nisije nikamtetea kwa njia isiyofaa. Nikisema anaruhusiwa kusoma riwaya hizi kwa sababu zinamfundisha juu ya ardhi, nitakuwa nimekubali kwamba raha ilihitaji cheti, na kwamba nimeenda kumtafutia. Siku nyingi hasomi kwa ajili ya kujifunza chochote. Anasoma kwa sababu mtu amebaki peke yake kwenye kijibonde, risasi zimebaki mbili, na anataka kujua. Hilo linatosha. Likitosha kwa msomaji wa Texas, linatosha na kwa msomaji wa Uthiru.

Kuhusu Chase nina mengi, na nitasema machache. Huyu mwandishi ambaye kizazi kizima cha Wakenya kilimsoma kama sauti ya majambazi wa Marekani alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa London mwaka 1906, na jina lake halisi lilikuwa René Raymond. Alipoandika No Orchids for Miss Blandish, iliyotoka mwaka 1939, Marekani yake ilitoka kwenye ramani na kamusi za lugha ya mitaani. Karl May, Mjerumani aliyeandika habari za shujaa wa Kiapache Winnetou na kusomwa na Wajerumani wasiohesabika, alikanyaga Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1908, vitabu hivyo vikiwa vimetoka zamani. Huo "Umagharibi" tunaoambiwa tuukimbie, nusu yake uliotwa na watu waliokuwa mbali nao kama sisi. Na mwaka 1944 George Orwell aliandika insha akikilaumu kitabu hicho cha Chase, na moja ya malalamiko yake lilikuwa kwamba Waingereza wengi wamekuwa nusu Wamarekani kwa lugha na hata kwa maadili. Niliposoma insha hiyo nilisikia sauti ya kijana wetu. Taifa lililotawala robo ya dunia nalo lilikuwa na msomi wake aliyehofia kwamba wasomaji wa kawaida wanaingiliwa vichwa na hadithi za nchi nyingine.

Tena, mapenzi ya hadithi za mbali hayakai bila kuzaa. Muhammad Said Abdulla wa Unguja alimpenda Sherlock Holmes, na kutokana na mapenzi hayo tukampata Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa si Holmes aliyepakwa rangi. Anafikiri Kiswahili, anatembea katika mashamba ya Unguja, na fumbo analolifumbua limefungwa ndani ya imani za watu wa hapo. Bara, watu wale wale waliokuwa wakimsoma Chase ndio waliomkimbilia Charles Mangua alipotoa Son of Woman mwaka 1971, kisha David Maillu, kisha Meja Mwangi na Going Down River Road yake ya 1976. Sijaona ushahidi kwamba ladha moja ilikula nyingine. Nimeona msomaji aliyezoea kusoma akiendelea kusoma.

Zipo hoja nyingine, na wanaozitoa ni watu wa haki. Ni kweli kwamba baadhi ya riwaya hizi zina dharau ya wazi kwa watu weusi, na King Solomon's Mines ni mfano. Msomaji mzima huiona na kuisema. Ni kweli kwamba mtoto anahitaji kumkuta mtu wa kwao kitabuni kabla hajamkuta mgeni. Ni kweli kwamba mwandishi wa hapa anahitaji wanunuzi, ingawa kodi ya asilimia 16 iliyowekwa kwenye vitabu kwa sheria ya mwaka 2013 ilimuumiza kuliko mama mboga yeyote.

Linalonisumbua ni jambo ambalo kijana hakulisema. Mama huyu alichagua, lakini alichagua kwenye meza iliyopangwa na nani? Vitabu vya mitumba huja kama nguo za mitumba: waliovisoma kwanza wako Uingereza na Marekani, na sisi tunachagua kati ya vile walivyovichoka. Riwaya mpya ya Kiswahili hugharimu mara kadhaa zaidi ya L'Amour aliyechakaa. Kama meza ingekuwa na Bwana Msa kumi kwa kila L'Amour mmoja, huenda hukumu za nyuma ya majalada zingekuwa nyingine. Je, ladha iliyokulia kwenye uchache ni ladha huru? Nimelizungusha swali hili na sijapata pa kulitua. Nikisema si huru, nitakuwa nimemfuta kila maskini aliyewahi kupenda kitu, maana hakuna maskini aliyechagua kwenye meza iliyojaa. Nikisema ni huru, nitakuwa nimewasamehe bure wanaoifanya meza ibaki hivyo. Labda mtu anaweza kuwa huru katika kupenda na asiwe huru katika kupata, na sisi tumekuwa tukilipiga la kwanza kwa sababu la pili ni gumu kulifikia.

Kwa hiyo nawaomba wanaosimamia vyumba vya kusomea, kuanzia Uthiru, Kangemi na Kinoo hadi kwingineko: msiondoe kitabu kwenye rafu kwa sababu ya rangi ya aliyekiandika, na msimkosoe mtu mbele ya wenzake kwa sababu ya kilichomfurahisha. Mkiwa na pesa za ziada, nunueni riwaya za Kiswahili na mziweke pembeni ya zile za wachunga ng'ombe, kwa bei ile ile au bila bei. Kisha mtumeni mtu kwenye kile kibanda cha mboga, saa nane mchana, akamwombe mama radhi na kumkaribisha tena.