Baridi au Moto? Ndoo ya Barafu na Adabu ya Mwenyeji

Mgeni anayeketi katika nyumba ya Arusha, iwe Sakina, Njiro au Tengeru, aghalabu huulizwa swali fupi kabla ya kuletewa soda au maji: "Baridi au moto?" Moto hapa si wa jikoni, ni kinywaji ambacho hakikutiwa kwenye friji. Swali hili halina anasa yoyote, lakini limebeba adabu nzima ya ukaribishaji, kwa kuwa linakiri kwamba kiu ni ya mgeni, na mwenyeji hana haki ya kuikadiria kwa niaba yake.

Siku hizi katika baadhi ya sebule swali hilo limepata mshindani. Ni ndoo ndogo ya barafu, ile iwekwayo mezani pamoja na koleo lake. Iko ya chuma kisichoshika kutu, ya kioo, ya plastiki. Yenye ukuta mmoja au kuta mbili. Yenye kifuniko au iliyo wazi. Anayeinunua hudhani kwamba anachagua chombo tu. Kwa hakika anajibu swali la kimaadili: mwenyeji anapopamba meza yake, anamtumikia nani?

Kwanza yafaa kuitazama hali ya mahali. Mji wa Arusha umekaa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, chini ya Mlima Meru wenye kimo cha mita 4,566. Mwezi wa Juni na wa Julai jioni huwa na baridi ya kuvalia sweta, na mgeni hufurahia zaidi kikombe cha chai kuliko bilauri inayogonga kwa vipande vya barafu. Barafu ambayo Unguja mwezi wa Februari ni rehema, Arusha mwezi wa Julai yaweza kuwa adhabu. Basi wema wa barafu haumo ndani ya barafu yenyewe. Umo katika kulingana kwake na koo la anayepewa.

Aristotle aliligusa jambo hili katika mafunzo yake ya maadili. Alisifu tabia ya kutumia mali kwa ukubwa unaostahili tukio, na akailaumu ile ya mtu anayewaandalia wenzake wa kawaida chakula cha fahari ya harusi. Kosa la mtu huyo si wingi wa matumizi. Kosa lake ni kuyaelekeza mahali pasipostahili, ili utajiri wake uonekane. Mwaka 1899 Thorstein Veblen, mwanauchumi wa Marekani, alitoa mfano wa kijiko cha fedha kilichofuliwa kwa mkono: hakimlishi mtu vizuri kuliko kijiko rahisi cha kiwandani, lakini huthaminiwa kwa sababu gharama yake inajulikana. Ndoo ya barafu inayong'aa katikati ya meza yaweza kuwa ndugu wa kijiko hicho.

Hata hivyo, hukumu isipitishwe kwa haraka. Watu wa pwani wanajua kwamba uzuri wa chombo nao ni sehemu ya heshima. Katika nyumba za mawe za Lamu, sahani za kaure zilipangwa kwenye zidaka za ukutani, na mgeni aliyeziona hakujiona ametukanwa. Mrashi wa fedha nao ni chombo cha fahari. Lakini unapoinamishwa, kinachomfikia mgeni ni marashi. Hapa ndipo penye mizani. Uzuri wa chombo una uhalali pale ahadi yake inapotimizwa mkononi au kooni mwa mgeni. Ukiishia machoni tu, mgeni amegeuzwa kuwa mtazamaji wa tamasha la mwenyeji wake.

Je, ndoo ya barafu inaahidi nini? Ahadi yake ya kwanza ni kuhifadhi. Kilo moja ya barafu, ili iyeyuke, hunyonya joto linalokaribia kulingana na lile la kupasha kilo moja ya maji kutoka sifuri hadi nyuzi 80 za Selsiasi. Joto hilo hutoka katika kinywaji, lakini hutoka pia katika hewa ya chumba, kupitia ukuta wa ndoo na mdomo ulioachwa wazi. Chuma cha ukuta mmoja, hata kiwe na nakshi za namna gani, hulipitisha joto upesi. Nje yake hutona matone ya unyevu wa hewa, na kitambaa cha meza hulowa. Pwani, kwenye hewa nzito, ndoo hiyo hutoka jasho kuliko Arusha. Kuta mbili zenye nafasi katikati, pamoja na kifuniko, huizuia hasara hiyo. Ni kanuni ileile ya chupa ya chai, iliyotokana na chombo alichokibuni James Dewar mwaka 1892: kinachozuia joto lisitoke ndicho kinachozuia joto lisiingie.

Kwa hiyo hotpoti inayotunza ugali au pilau mpaka wageni wafike inaweza pia kutunza barafu, madhali imeoshwa ikaisha harufu ya viungo. Nyumba nyingi zinayo tayari. Mwenye kuiona aibu kuiweka mezani ajiulize aibu hiyo inatoka wapi, kwa maana vipande vya barafu vilivyomo havijui vimekaa ndani ya nini, na kiu ya mgeni haijui bei.

Ahadi ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya usafi. Barafu huonekana safi kwa sababu ni baridi na hupitisha nuru. Macho hudanganyika kwa urahisi. Kugandisha maji si kuyatakasa. Vijidudu vingi vya maradhi haviangamizwi na ubaridi wa friji. Husubiri tu, na barafu ikiyeyuka huamka. Tena ardhi ya Arusha na miteremko ya Meru ina jambo lake. Miamba yake ni ya volkeno, na maji ya chemchemi na visima vingi hubeba madini ya floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kipimo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Madini hayo yakizidi utotoni huacha rangi ya kahawia kwenye meno, na yakizidi mno kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi, kwani maji hupaa na madini hubaki. Ndiyo sababu huko Ngurdoto kumekuwa na kituo cha kutafiti namna ya kuyaondoa, kwa njia kama kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa.

Mgeni hayaoni hayo yote. Hawezi kuuliza, bila kuonekana mkosefu wa adabu, barafu hii imetokana na maji gani. Amejikabidhi. Miongoni mwa Wachaga, jirani wa Wameru kwa upande wa mashariki, ipo desturi ya mwenye mbege kuonja kwanza kabla ya kumpa mgeni kibuyu, ili mgeni ajue kwamba hakuna hila. Barafu haina uonjaji wa namna hiyo, kwa sababu madhara yake hayajulikani kwa ulimi. Uonjaji wake umo jikoni, jana yake, pale mwenyeji anapochagua maji ya kugandisha hali hakuna anayemtazama. Kazi hiyo haiwezi kuonyeshwa mezani wala kusifiwa, na kwa ajili hiyohiyo ndiyo kipimo cha kweli cha ukarimu.

Huenda mtu akasema kwamba kuitwika ndoo ndogo mzigo wote huu ni kuikuza mno. Lakini maadili mengi hukaa katika vitu vidogo. Makubwa hutendwa mara chache na mbele za mashahidi. Madogo hutendwa kila Jumapili, na huzoesha mkono ama kwa haki ama kwa hila. Mwenye ndoo ya fahari iliyojaa maji asiyoyajali hajamdanganya mgeni kwa neno hata moja, lakini amemdanganya kwa mng'ao.

Basi uchaguzi una mpangilio wake. Maji huja kwanza, kisha ukuta na kifuniko, kisha ukubwa unaolingana na idadi ya walioalikwa, na uzuri huja mwisho, ukaribishwe kwa furaha ukiwa umekuta wenzake wametangulia. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kupona huko hakuji kwa kutazamwa na mgeni, huja kwa kumtazama yeye. Na hata baada ya ndoo bora kuwekwa mezani, kifuniko kisifunuliwe kabla ya mgeni kuulizwa anataka nini. Na akijibu kwamba anataka ya moto, mwenyeji asihuzunike.