Mkono wa Kushoto Ushuke

Wanangu mnaojifunza urubani wa helikopta, najua mnachoogopa ni injini kuzimika mkiwa juu. Sawa, iogopeni. Lakini ipo ajali ambayo humkuta mwanafunzi kabla hajafika hata kimo cha goti: helikopta inaanza kuinuka, inalala ubavu, mapanga yanachapa ardhi, kwisha.

Skidi moja ikinaswa na tope, na ukingo wa lami au na kamba ya kufungia chombo mliyosahau kuifungua, inageuka bawaba. Rafadha inavuta kwa nguvu iliyokaribia uzito wa chombo chote, na kwa kuwa upande mmoja umeshikwa, nguvu hiyo inakipindua badala ya kukiinua. Kwa helikopta nyingi nyepesi, ulalo wa nyuzi 5 hadi 8 unatosha. Ukipita hapo chombo kikiwa bado kinaviringika, usukani wa mkono wa kulia hauwezi kukirudisha, hata uusukume mpaka mwisho. Na mambo haya hayangoji ufikiri.

Hapo ndipo kijana anapoponzwa na silika. Anahisi chombo kinalala, anadhani kikipaa kitanyooka, anavuta wenzo wa kushoto juu zaidi. Amejimaliza! Kinachookoa ni kuushusha wenzo huohuo, mapema, kwa ulaini, chombo kikae chini. Usiubwage, maana kinaweza kudunda na kulalia upande wa pili. Mkimwona mwenzenu ameinua kidogo akashusha, akainua tena akashusha, msimcheke. Huyo anaisikiliza helikopta yake.

Siku ya kuruka peke yako ndiyo naichelea zaidi. Robinson R22, ambayo wengi huanzia, uzito wake wa juu kabisa unaoruhusiwa ni kilo 620 hivi. Mwalimu akishuka, kiasi kikubwa cha uzito kimeshuka naye. Wewe umebaki kiti cha kulia, chombo kinaning'inia kwa mkao usiouzoea, na kinataka kuondoka chini kabla mkono haujafika pale ulipozoea. Tena rafadha ya mkia inakisukuma kulia, kwa hiyo skidi ya kulia ikiwa ndiyo iliyonaswa, hatari inazidi. Marafiki nao wamejipanga kando na simu wakingoja kupiga video. Waacheni wangoje.

Kwa mnaojifunzia Nairobi na viunga vyake, masika yakishanyesha uogopeni ule udongo mweusi. Chombo kikilala juu yake usiku kucha, skidi zinazama na udongo unaganda. Kabla ya kupanda, zunguka, inama, tazama skidi zote mbili kwa macho yako, usiambiwe na mtu. Zikiwa zimeshikwa, itisha jembe. Mkishawasha, inua kidogo kidogo mpaka usikie skidi zote mbili zimelegea, ndipo uendelee. Moja ikigoma, teremsha, zima, shuka ukaangalie.

Na ikitokea imepinduka licha ya yote hayo, usifungue mkanda kwa pupa. Zima injini ukiweza, ngoja kila kinachozunguka kisimame kabisa, ndipo utoke. Lakini ukiona moshi au ukisikia mafuta yanavuja, mapanga yakishasimama usikae hata kidogo. Simu na begi viache humohumo.