Utuepushe na Tusiyoyajua

Hapa Ikungi dua nyingi huishia mahali pamoja. Iwe ni msikitini baada ya sala ya Ijumaa, iwe ni jumuiya ndogo ndogo iliyokutana uani kwa mtu, iwe ni msibani, anayeomba atataja mvua, atataja wagonjwa, atataja watoto walio masomoni, kisha akikaribia amina atasema: utuepushe na mabaya tunayoyajua na tusiyoyajua. Nusu ya kwanza ya maneno hayo ina sura. Mabaya tunayoyajua ni ukame unaokausha mtama kabla haujatoa masuke, ni malaria ya mtoto, ni lori linalokuja usiku bila taa kutoka upande wa Manyoni. Nusu ya pili hupita haraka, na watu huitikia amina kabla hawajatafakari wameomba nini.

Nimekaa na nusu hiyo ya pili kwa muda mrefu. Mtu anaombaje kukingwa na kitu kisicho na jina? Na akikubaliwa ombi lake, atajuaje?

Kuna watu wanaoifanyia kazi nusu hiyo kila siku, ingawa huenda wasingeiita dua. Mmoja wao ni Pamela Bjorkman, mwanasayansi wa Caltech, huko California. Yeye na wenzake hawakutaka kukimbizana na kila kirusi cha korona kinapozuka. SARS ilizuka mwaka 2002, MERS mwaka 2012, UVIKO mwaka 2019. Na nyuma ya hivyo vitatu viko vingine vingi vinavyoishi kimya ndani ya popo, ambavyo hatujui kama vimewahi kumlaza mgonjwa. Wakajiuliza kama mwili unaweza kufundishwa kumtambua adui ambaye bado hajaja.

Walichotengeneza ni chembe ya protini ndogo kiasi kwamba hupimwa kwa nanomita, yaani milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Protini hiyo asili yake ni bakteria anayeishi kwenye maji ya moto chini ya bahari. Chembe ina nafasi 60 za kubandika vitu, na gundi yake ilibuniwa katika maabara ya Mark Howarth, Oxford, kutokana na bakteria yule yule anayewapa watoto wetu vidonda vya koo. Katika nafasi hizo 60 wakabandika vipande vya virusi 8 tofauti, vikachanganyika ovyo, mara nyingi kila kimoja kikiwa na jirani wa kirusi kingine.

Mchanganyiko huo ndio siri yenyewe, na nimesoma maelezo yake mara nyingi kuliko ilivyohitajika ili kuyaelewa. Katika damu huzunguka chembe nyeupe ziitwazo seli B. Kila moja imezaliwa na umbo lake la kushikia, na mshiko huo una mikono miwili. Aliyewahi kupanda majabali ya Singida anajua jambo hili: mkono mmoja ukipata pa kushika na wa pili ukaelea hewani, utarudi chini. Chembe ikiwa imejaa vipande vya kirusi kimoja tu, seli inayojua alama ya pekee ya kirusi hicho hushika hapa, hushika na pale, ikatulia. Chembe ikiwa ya mchanganyiko, seli hiyo hiyo hushika kwa mkono mmoja, ikanyoosha wa pili kwa jirani, ikakuta mgeni. Inayobaki ni ile iliyoona kitu ambacho majirani wote wawili wanacho. Hiyo ndiyo huitwa, huzaliana, na hubaki kuwa kumbukumbu ya mwili.

Liko jambo jingine tena. Sehemu ambazo virusi hivi hutofautiana ndizo zilizo wazi zaidi, na ndizo zinazouvutia mwili kwanza. Virusi huzibadilisha bila taabu. Zile zinazofanana zimekaa pembeni, hazina makeke, na kuzibadilisha si rahisi kwa sababu protini nzima imezitegemea ili isimame. Sipendi kuigeuza kazi ya maabara kuwa mahubiri. Chembe haina habari na mafundisho yetu. Lakini nikikaa kwenye benchi la kanisa na kuwatazama watu ambao najua wanatofautiana kwa nini, najikuta nikijiuliza ni kipi kwao kimekaa pembeni, kisichobadilika, ambacho sijawahi kukinyooshea mkono wa pili.

Mwaka 2022 matokeo yalichapishwa. Panya waliochanjwa kwa chembe ya mchanganyiko walikingwa hata dhidi ya SARS ya kwanza, ambayo haikuwa miongoni mwa vile virusi 8. Walikingwa na kitu ambacho hawakuwahi kuonyeshwa. Waliopewa chembe yenye vipande vya kirusi cha UVIKO peke yake hawakupata kinga hiyo. Panya si mtu, na chanjo nyingi huishia njiani kabla ya kumfikia mtu. Hata hivyo nilipofika kwenye mstari huo niliiweka karatasi chini.

Tena mambo haya si ya mbali kama yanavyosikika. Kirusi kimoja cha ukoo huu kilipatikana kwa popo wa Kenya, na wanasayansi wakakiandika BtKY72. Hicho nacho hakimo katika vile 8. Popo hawajui mpaka wa Namanga.

Wala chembe za aina hii si ngeni Ikungi. Siku ya kliniki, mama anapomshika mtoto wa wiki sita mguu usitikisike na muuguzi akachoma sindano ya paja, ndani ya chanjo ile ya penta kuna kinga ya homa ya ini B. Kinga hiyo ni protini iliyotengenezwa na hamira, ikajikusanya yenyewe kuwa vidude vya duara vya nanomita 22 hivi. Hakuna fundi anayeviunga kimoja kimoja. Vipande hukutana, kila kimoja kikapata mahali pake. Ndivyo ilivyo pia kwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana wa nchi nzima mwaka 2018. Mama hajui lolote kuhusu nanomita. Anajua tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, na amekuja kwa miguu.

Sitaisahau Aprili 2020, tulipoitwa kuomba dhidi ya UVIKO kwa siku tatu, tarehe 17 hadi 19, taifa zima. Tuliomba kweli. Nyungu zilichemshwa, watu wakajifunika mablanketi wakatoka jasho. Januari 2021 Rais Magufuli alisema chanjo za UVIKO hazifai. Tarehe 28 Julai mwaka huo huo Rais Samia alichanjwa hadharani. Katikati ya tarehe hizo wapo waliozikwa. Walioomba hawakukosea kuomba, na sitamcheka mtu kwa nyungu yake. Kilichoniumiza, na bado kinaniuma, ni kwamba tulifanywa tuone kama kuna pande mbili na kila mtu lazima asimame upande mmoja.

Sasa nafikiria siku ambayo chanjo ile ya chembe ya mchanganyiko, au nyingine ya ukoo wake, itakuwa imekamilika na kufika kwenye friji ya zahanati. Tuseme watu wakachanjwa. Tuseme popo mmoja mahali fulani akatoa kirusi kipya, kikamwingia mchunga mbuzi, kikakuta mwili wake umeshajua pa kushika, kikaishia hapo. Hakutakuwa na tangazo redioni. Hakuna shule itakayofungwa. Hata jina hakitapewa.

Watu wa hapa wanajua kushukuru. Mvua ikinyesha vizuri, magunia ya alizeti yakajaa, sadaka ya shukrani hutolewa. Mgonjwa akipona husimama mbele akatoa ushuhuda. Kwa ugonjwa ambao haukuja, sijui ibada hiyo ingepangwaje. Nani angesimama kutoa ushuhuda, na angesema ameponywa nini?