Kazi Ifanywayo Nyumbani na Dhana ya Tajiri

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu Waislamu wa Mtawanya, Kibiti na Rufiji yote! Imezidi dhana mbaya ya matajiri juu ya mtu achukuaye kazi akaifanya nyumbani kwake. Tajiri humpa mtu ukindu asuke mkeka, au kitambaa ashone kanzu, wakapatana ujira. Kisha moyo wake hautulii. Husema: Simwoni, bila shaka amelala. Na mkeka ukija mzuri humpunguzia ujira, kwa kuwa ulisukwa usiku, barazani, baada ya shughuli za shamba. Je, yafaa hayo?

Jueni kwamba maimamu wetu wa Kishafii wamesema ajira hupimwa kwa muda, kama kumwajiri mtu ashone siku nzima, au kwa kazi yenyewe, kama kumwajiri ashone nguo hii. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ametaja katika Minhaj kwamba ukiyachanganya, ukamwajiri ashone nguo hii mchana huu, ajira hiyo haisihi kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Kwani kazi yaweza kwisha kabla ya siku, na siku kabla ya kazi, pakazuka ugomvi.

Basi aliyeagiza mkeka amenunua kazi ya mkeka, hakununua saa za msukaji. Ana haki ya kuutazama ukili na mshono, na kuukataa ulio mbovu. Walakini ukiwa kama walivyopatana, ujira ni kamili, usukwe alfajiri au baada ya Isha. Atakaye saa na aajiri kwa saa. Kuyataka yote mawili kwa ujira mmoja ni kupunja, na wapunjao wameonywa katika Sura ya 83.

Tazameni Nabii Musa, amani iwe juu yake. Binti wa mzee wa Madyan alimsifu kwa mambo mawili, nguvu na uaminifu. Na kwa hayo aliajiriwa miaka minane. Kazi ya mchungaji i malishoni, mbali na macho ya mwenye mifugo. Aliyekosa kuamini asiajiri mchungaji.

Wala msidhani ni maradhi ya vijijini tu. Mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona, makarani wengi duniani walitumwa kufanya kazi majumbani, na baadhi ya matajiri wakatia mitambo ya kuwachungulia katika kompyuta zao. Sura ya 49 imekataza dhana nyingi na upelelezi pamoja, kwani cha kwanza huzaa cha pili.

Na mkono wa mfanya kazi, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, ni mkono wa amana. Ukindu ukiharibika kwake pasina uzembe wala kuvuka mpaka, halipi. Mmeyaona mafuriko ya Aprili 2024 yalivyoingia Rufiji na Kibiti. Maji yakimchukulia mtu nyumba na ukindu wa tajiri ndani yake, kumdai thamani ya ukindu ule ni dhuluma juu ya msiba.

Nawe uliyechukua kazi nyumbani, mcha Mola wako, kwani hapana akuonaye ila Yeye. Usibadili ukindu mwema kwa mbovu, wala usibakishe kitambaa cha watu. Khiyana yako huwaponza wasukaji wote, na wengi wao ni mama zetu na wake zetu. Na ujira wa mke ni mali yake, si ya mumewe.

Enyi matajiri, Mtume wetu ameamrisha ujira utolewe kabla jasho halijakauka. Na katika hadithi ya Bukhari, mtu aliyetimiziwa kazi asilipe ni mmoja wa watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Nani atakayeishinda kesi hiyo?

Ewe Mola, tutakase mioyo na dhana, na mikono na khiyana. Amin. Wallahu aalam.