Rasimu ya Siku Thelathini

Shindano la kuandika riwaya kwa mwezi mmoja, lililoasisiwa na Chris Baty katika eneo la San Francisco, Marekani, mwaka 1999 likiwa na washiriki 21, na ambalo baadaye lilijulikana duniani kwa jina la NaNoWriMo, lilimtaka mwandishi akamilishe maneno 50,000 ndani ya mwezi wa Novemba, yaani wastani wa maneno 1,667 kwa siku. Kila aliyefikia idadi hiyo alihesabiwa kuwa mshindi, kwa kuwa halikuwa na jopo la waamuzi wala mpinzani wa kushindwa, na hilo ndilo lililokuwa jambo lake bora zaidi. Kinachopatikana siku ya mwisho ni rasimu, yaani andiko la awali ambalo bado halijapembuliwa, na thamani yake imo katika kuwapo kwake, kwani ukurasa usioandikwa hauwezi kuhaririwa. Erin Morgenstern, ambaye riwaya yake The Night Circus ilichapishwa mwaka 2011, aliianza katika shindano hilo, kisha akaifumua na kuiandika upya kwa muda mrefu kabla haijamfikia msomaji. Shirika lililolisimamia lilitangaza kufungwa mwaka 2025, lakini utaratibu wenyewe, ambao hauhitaji zaidi ya kalenda na nia, umebaki kwa yeyote anayeutaka. Aliyemaliza rasimu yake na aipumzishe kwa wiki kadhaa, kisha airejee kwa jicho la mhariri, akianzia sura ya kwanza.