Mchagua Jembe si Mkulima: Kibanja na Kazi Inayopendwa

Katika vijiji vya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, methali "Mchagua jembe si mkulima" hutoka mara nyingi kinywani mwa mtu aliyekwisha kushika jembe, akimwambia ambaye bado hajalishika. Huisikia hasa kijana aliyemaliza chuo, akarudi nyumbani na cheti, akawa anasubiri kazi Bukoba, Mwanza au Dar es Salaam huku magugu yakipanda kwenye kahawa ya baba yake. Yeye huipokea kama hukumu: acha kuchagua, shika lililopo, kazi ni kazi. Hata walimu wengi wa Kiswahili huifafanua hivyo darasani, kisha wakapita kwenye methali nyingine. Maana hiyo ni finyu, na ikishikwa peke yake inaumiza, kwa sababu inamfundisha kijana kwamba kuipenda kazi ni anasa ya watu wengine.

Tuitazame methali inamlaumu nani. Haikusema mchagua kazi. Imemtaja mchagua jembe, yaani mtu ambaye suala la kazi gani ataifanya limekwisha, maana anajiita mkulima. Amesimama dukani. Hili zito, lile jepesi, hili bamba lake laini, lile mpini wake mrefu. Mvua imeshaanza na wenzake wamepanda maharage, naye bado anapima. Hakosei kwa kuwa ana macho ya kuchagua. Anakosea kwa kutaka chombo kimthibitishie mapema, kabla hajagusa udongo, kwamba kazi itakuwa tamu. Uthibitisho huo hakuna jembe linaloweza kuutoa. Hautolewi na barua ya ajira wala na jina la chuo.

Ndiyo maana naiona methali hii kuwa karibu sana na swali ambalo vijana huliuliza siku hizi kwa uchungu: nitaipataje kazi ninayoipenda? Wanaouliza hudhani kazi ya namna hiyo ipo mahali fulani, imekamilika, inamsubiri mwenye bahati aipate. Karagwe na Kyerwa zina jibu lao kwa dhana hiyo, nalo liko nyuma ya kila nyumba.

Kibanja, lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, si ardhi nzuri ambayo mababu waliikuta. Ukitoka nje ya kibanja ukaingia rweya, yaani mbuga ya majani, mara nyingi unakutana na udongo hafifu unaochoka upesi. Udongo mweusi wa kibanja ulitengenezwa. Watu wa vizazi vingi walibeba samadi kutoka mazizini, wakakata majani rweya wakayatandaza chini ya migomba, wakarudisha maganda ya ndizi, majivu na mabaki ya jikoni. Mwaka baada ya mwaka, palipokuwa pakavu pakawa na rutuba ya kubeba mgomba, mbuni na maharage kwa pamoja. Mgeni akipita leo husema familia hii ilibahatika kupata ardhi nzuri. Wenyewe wanajua kwamba bahati hiyo ilibebwa kichwani.

Mapenzi ya kazi, kwa watu wengi, hujengeka kwa namna ya kibanja. Mwanzoni mtu huingia kwenye kazi ambayo haijampa chochote zaidi ya uchovu. Kisha anaanza kujua. Anajua kwamba mizizi ya mgomba hukaa juujuu, kwa hiyo jembe likizama sana huikata. Anajua chipukizi lipi la kuacha na lipi la kuondoa. Tangu ugonjwa wa mnyauko ulipoingia Kagera katikati ya miaka ya 2000 na kuwaangusha wakulima wengi, anajua pia kwamba panga lililokata mgomba unaoumwa halitakiwi kugusa mwingine kabla ya kusafishwa, na kwamba ua la mgomba huondolewa kwa kijiti chenye panda ili panga lisiwe msafirishaji wa maradhi. Maarifa haya yana ladha yake. Mtu anayejua kwa nini anafanya anachofanya haishi siku sawasawa na mtu anayetumwa, hata kama wote wawili wanatoka jasho lilelile. Naamini furaha ya kazi huanzia hapo, pale mkono unapoanza kujua kitu ambacho kichwa hakikuambiwa.

Na mkulima huyo sasa anachagua jembe. Hili watu hulisahau. Aliyelima miaka mingi ndiye anayejua kwamba shamba hili la mawe linataka jembe la namna fulani, na kwamba mpini lazima ulingane na urefu wake ili mgongo usivunjike. Uchaguzi wake unatoka kwenye kazi. Anayelaumiwa na methali ni yule anayetaka uchaguzi uchukue nafasi ya kazi.

Methali nyingine ya karakana inasaidia hapa: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Zisome pamoja na utaona zinashughulikia jambo moja kutoka pande mbili. Ya kwanza inasema chombo hakikufanyi kuwa mtu wa kazi. Ya pili inasema kukosa chombo hakukuondoi katika kazi. Mkoa wa Kagera una ushahidi wake. Mwaka 1976 wazee wa Buhaya, upande wa Ziwa Victoria, walijenga upya tanuri la kuyeyushia chuma mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, ingawa uyeyushaji huo ulikuwa umeachwa miongo mingi iliyopita, vyuma vya bei rahisi vilipoanza kuletwa kutoka nje. Mivukuto ikafukuta tena, na chuma kikapatikana. Mwaka 1978 watafiti hao walichapisha taarifa kwamba mafundi wa ukanda huo walikuwa wakitengeneza chuma cha pua miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Makoleo ya wazee wale yalikuwa yamevunjika zamani, lakini uhunzi haukuwatoka.

Karagwe yenyewe iliupa uhunzi heshima ya kifalme. Wapelelezi Speke na Grant kutoka Uingereza walipofika kwa Rumanyika mwaka 1861, walimkuta akitawala ufalme ambao hazina yake huko Bweranyange ilikuwa na vitu vya chuma vilivyofuliwa kwa ustadi, wakiwemo ng'ombe wadogo wa chuma ambao hadi leo wataalamu wanawastaajabia. Masimulizi humtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mtawala mhunzi. Katika falme nyingi za Maziwa Makuu nyundo na fuawe vilikuwa alama za utawala, na jembe la chuma lilikuwa sehemu ya mahari. Watu waliofikiri hivi hawakuwa wakiliona jembe kuwa adhabu ya aliyefeli.

Jembe lilifikaje basi kuwa adhabu? Sehemu kubwa ya lawama naiweka shuleni. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwe pia shamba, mwanafunzi ajifunze kwamba kulima na kufikiri si maadui. Katika shule nyingi wazo hilo zuri liligeuzwa. Aliyechelewa, alime. Aliyepiga kelele, alime. Mtoto aliyefaulu anakaa darasani anasoma, aliyekosa yuko juani na jembe. Baada ya miaka mingi ya mafunzo hayo, tunamwambia kijana yuleyule kwamba mchagua jembe si mkulima, kisha tunashangaa uso wake unapokunjamana. Sisi wenyewe tulimfundisha kwamba jembe ni jina la kushindwa. Hawezi kuipenda kazi aliyoipokea kama fimbo.

Kuna watu ambao kuwaambia methali hii ni kuwakosea. Mtu asiye na kibanja hachagui jembe. Hana pa kulipigia. Kwa muda mrefu mwanamke wa Kagera alilima, akapalilia, akavuna, akapika, na ardhi ikabaki ya ukoo wa wanaume. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Holaria alikuwa amerithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, na ndugu yake akapinga kwa hoja kwamba mila ya Wahaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji alikataa ubaguzi huo, akisimama juu ya haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ikaweka haki ya mwanamke kwenye maandishi. Utekelezaji vijijini bado unasuasua, na inanikasirisha kusikia mtu aliyemnyima binti yake hata kipande cha shamba akimwambia kwamba yeye ni mvivu wa kuchagua. Mapenzi ya kazi yanahitaji mtu awe na sehemu katika kile anachokifanya. Bila hiyo, uvumilivu tunaousifu ni unyonywaji tu.

Wakulima wa kahawa wanaufahamu unyonywaji huo kwa jina la butura. Mwenye shida ya ada ya shule au ya hospitali huuza kahawa yake ikiwa bado maua juu ya mti, kwa bei ndogo, kwa mtu mwenye fedha mkononi. Msimu ukifika, anachuma na kuanika, lakini kahawa ile si yake tena. Serikali imepiga marufuku butura mara kadhaa, na vyama vya msingi vinawahimiza wakulima wauze kupitia chama kikuu cha ushirika, KDCU, lakini shida ya ada haisubiri msimu. Fikiria mtu anayeamka alfajiri kuchuma kahawa aliyoiuza miezi iliyopita. Huwezi kumhubiria apende kazi yake. Kazi hiyo imekwisha kukatwa kichwa: jasho liko upande wake, tunda liko upande mwingine.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaodai kwamba kila kazi inapendeka ukiwa na moyo mzuri. Zipo kazi za kuzikataa. Methali haimwambii kijana akubali kudhulumiwa. Inamwambia asikae mlangoni. Tofauti ni kubwa. Kijana wa Kayanga, Karagwe, aliyesomea kompyuta na hana mtaji wa duka anaweza kuanza kwa kuwaandikia watu barua na kuchapisha fomu zao, akajua ni nini kinachowatatiza, akakuta huduma ambayo hakuna aliyeifikiria. Joseph Sekiku wa Karagwe alijishughulisha na kilimo na ukaushaji wa matunda kwa nguvu ya jua kupitia shirika la FADECO; redio ya jamii ya FADECO ikazaliwa baadaye, kutokana na kazi ya kuwapa wakulima habari walizozihitaji. Wakulima walipata sauti kwa sababu mtu alikuwa tayari shambani nao na alisikia wanachouliza.

Waswahili husema pia kipendacho moyo ni dawa, na vijana huitumia kumjibu mzee wa jembe. Mimi sioni ugomvi kati ya methali hizi mbili. Moyo hauwezi kukipenda kile usichokionja, na anayeonja kidogo tu, akatema, hajui bado kama ni dawa au sumu. Mbuni uliopandwa leo utakaa kama miaka mitatu kabla ya kutoa mavuno ya kueleweka. Hicho ni kipimo cha haki cha kumpa mtu aijaribu kazi kwa moyo kabla ya kusema si yake, na ni kipimo cha haki pia cha kumwacha aondoke bila kumwita mvivu akiona si yake kweli.

Miaka ya karibuni bei ya kahawa imepanda, na katika Kyerwa na Karagwe vijana waliokuwa wameuacha udongo wanarudi kuomba vipande vya shamba kwa baba zao. Wazee wanafurahi. Nami nafurahi, ingawa najua bei ya dunia hupanda na kushuka bila kumuuliza mkulima wa Nkwenda, Kyerwa. Baadhi yao wanakata mibuni mikongwe ya babu zao ili ichipue upya, kazi inayomnyima mtu mavuno ya mashina hayo kwa msimu mzima au zaidi wakati bei iko juu. Ningependa kukaa na hao, niwaulize kwa nini wanaikata sasa.