Faida Inatoka Wapi?

Soma Habakuki 2:12 na Kumbukumbu la Torati 6:6, 7. Mafungu haya yanahusianaje?

Mwaka 1758 Waquaker wa Philadelphia waliamua kwamba ndugu anayenunua au kuuza watumwa asishiriki vikao vya kuendesha mambo ya kanisa. Biashara hiyo iliruhusiwa na sheria, tena ilikuwa na faida nono. John Wesley naye, katika hubiri lake juu ya matumizi ya fedha, alikataza faida inayodhuru mwili wa jirani, akitaja pombe kali.

Sisi hatuuzi pombe. Je, hisa zetu? Na fremu tunazopangisha? Mtoto anayekariri fungu lake kila Sabato anajua pia mpangaji wetu anauza nini.

Mwanao akiuliza ada yake imetoka wapi, utamjibu nini?